Chatu Aliyekauka Tukuyu

Tukuyu hakuna kitu kinachokauka. Ukianika shati Jumatatu, Alhamisi bado unalikamua. Chumvi hugeuka maji ndani ya kopo, viberiti tunalala navyo kitandani kama watoto, na mahindi ya mbegu tunayapandisha darini juu ya mafiga, yakae kwenye moshi hadi siku ya kupanda. Kwa hiyo Bwana Hosea, afisa wanyamapori, aliposimama uani kwetu Ibighi mwezi wa nne mwaka 1993, mvua ikimchuruzika ukingoni mwa kofia, akasema kwamba chatu wangu anaumwa ukavu, watu wote waliokuja kutazama walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Ukavu?" nikamwambia. "Mheshimiwa, hapa hata kuku wanaota ukungu."

"Cheka," alisema Bwana Hosea. "Halafu mtoe tena nimwone."

Nilimtoa. Alikuwa mrefu kuliko mkono wangu kidogo, mnene kama mpini wa jembe, na nilimwita Kimya. Bwana Hosea alimshika kichwa kwa vidole viwili, taratibu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Tazama macho. Unaona nini?"

Niliona nilichokuwa nakiona kila siku nikijifanya sikioni. Macho yake yalikuwa na utando wa kijivu, uliokunjamana kama nailoni iliyopita karibu na moto. Mgongoni mlikuwa na mabaka ya ngozi ya zamani, na kwenye ncha ya mkia kulikuwa na pete ya gamba kavu iliyombana hadi nyama ikawa nyeusi.

"Chatu mzima hujivua gamba kama wewe unavyovua soksi," alisema. "Lote, mara moja, kuanzia mdomoni. Huyu amebanduka kama chokaa ya ukutani. Gamba la macho limebaki. Safari ijayo likibaki tena, yatakuwa mawili, halafu matatu. Nyoka asiyeona huogopa kila kitu, na mwisho huacha kula. Hafi upesi. Anakufa miezi." Alinirudishia chatu wangu, akafuta mikono kwa leso. "Narudi mwanzoni mwa mwezi wa sita. Nikimkuta anaona, nakuandikia kibali cha kumfuga. Nikimkuta hivi, namchukua na kumaliza mateso yake. Tumeelewana?"

Hakupaza sauti. Angepaza ningemjibu, maana kwa kujibu mimi sikuwa na mshindani. Lakini alisema vile kwa huruma, nikaitikia kwa kichwa.

Watu walipoondoka alibaki Zuber, rafiki yangu, mfanyabiashara wa mchele na mitumba sokoni. Yeye ndiye aliyeniletea Kimya. Alimkuta ndani ya lori lake lililotoka Kyela, amejiviringa katikati ya magunia, mdogo kama mshipi. Vibarua walitaka kumponda kwa koleo. Zuber akamfunika ndoo, akanitumia ujumbe: njoo umwone ndugu yako.

Nilimchukua kwa sababu nilikuwa sina kitu. Duka la ushirika nililokuwa karani lilifungwa mwaka uliotangulia. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mtu alifungua alichoweza kufungua, huyu kioski, yule mashine ya kusaga, na barabara ya kwenda mpakani ilianza kupita magari ya wageni wenye kamera. Nikaona: wageni hawa wanapita Tukuyu bila kusimama. Nitawasimamisha mimi. Nikachukua ubao, nikauandika kwa rangi nyekundu: BUSTANI YA NYOKA, RUNGWE.

"Bustani ya nyoka mmoja," Zuber alikuwa akipenda kusema. "Kipofu."

Siku ile hakusema. Alitazama juu, darini, mahali lilipokuwa sanduku la Kimya, kati ya magunzi na mbegu.

"Umemweka juu ya moto, Nsajigwa?"

"Katoka Kyela, kwenye joto. Ningemweka wapi, kwenye baridi ya sakafu?"

"Mahindi unayaweka pale kwa nini?"

Nilitazama mahindi, nikalitazama sanduku. Miezi minne nilikuwa nimemkausha yule mnyama kama mbegu. Nilikuwa nimefanya kile ambacho kila mtu wa kwetu hufanya kwa kitu anachokipenda: nilimwepusha na maji.

*

Basi nikamrudishia maji. Mimi nikifanya jambo silifanyi nusu. Nilishusha sanduku, nikaliweka pembeni ya ukuta wa jiko, nikatandika gunia, nikalimwagia maji ndoo nzima. Asubuhi maji, jioni maji. Zuber alisema nimeacha kufuga nyoka, sasa nafuga kambale.

Wiki ya tatu nilimwinua nikaona tumboni mwake malengelenge, madogo, meupe, yamepangana kama punje. Na alikuwa anapumua kwa mlio, kama mtoto mwenye mafua. Panya niliyempa alipita mbele ya pua yake, akapita tena, akaenda kulala kwenye kona ya sanduku bila wasiwasi wowote.

Nilikaa chini jikoni. Mama yangu alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Hakuwahi kumpenda Kimya. Wazee wa kwetu husema chatu hukaa tumboni mwa watu wenye nguvu za usiku, na jirani mmoja alikwisha uliza kwa sauti ni tumbo la nani kati yetu lililomtapika huyu. Lakini mama aliweka ungo chini, akasema, "Mkungu ule uko tayari. Upeleke kwa shangazi yako Esnath."

"Mpelekee wewe."

"Mimi sina ugomvi naye. Wewe ndiye mwenye ugomvi. Upeleke."

Ugomvi ulikuwa wangu, ni kweli. Mwaka uliopita, kwenye harusi ya binamu yangu Atupele, waliniomba nitoe beti. Mashairi nilijifundisha mwenyewe, kwa kusikiliza redio na kuhesabu mizani kwa vidole, na nilikuwa nimefika mahali pa kuamini kwamba mtu akiweza kuhesabu mizani anaruhusiwa kusema lolote. Shangazi Esnath, dada wa marehemu baba, anavumbika ndizi na kuziuza stendi kwa wasafiri. Alikuwa amekaa mbele, amevaa kitenge kipya. Nikapanda benchi, nikasema:

Shangazi kazika ndizi, aombolezea shimo,
Moshi umekuwa ngozi, majivu ndiyo kipimo.

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Tangu siku ile shangazi hakuwahi kuniita jina.

*

Nilimkuta uani kwake amepiga magoti, anafunua shimo. Alikuwa ameondoa udongo na magome ya mgomba, sasa anakunja majani ya juu, moja moja. Nilitaka kutua mkungu na kuondoka. Lakini jani la mwisho lilipoinuka, pumzi ilitoka shimoni ikanigusa usoni.

Ilikuwa ya uvuguvugu na nyevu, kama pumzi ya ng'ombe. Upande wa ndani wa jani ulikuwa umejaa matone madogo madogo, safi, hayadondoki. Chini yake zilikuwa ndizi, njano kabisa, hazina doa. Na chini ya ndizi, pale pembeni aliposogeza chane kwa mkono, niliona majani makavu yaliyotandikwa sakafuni. Makavu kweli, yanalia yakiguswa.

Maji juu, ukavu chini, joto katikati. Na hakuna kilichooza.

Nilisimama pale na mkungu begani kama niliyesahau njia.

"Umekuja kutunga ubeti wa pili?" alisema shangazi bila kugeuka.

"Nimeleta mkungu wa mama."

"Utue, uende. Ndizi hazipendi mtu anayezisimamia."

Nikautua. Sikuondoka. "Shangazi, nifundishe shimo."

"Shimo gani?"

"Hili. Linakuwaje na unyevu lisioze?"

Sasa aligeuka. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mikungu maisha yake yote. "Karani wa ushirika anataka kuzika ndizi?"

"Si ndizi. Ni chatu wangu. Ana..."

Alikuwa amekwisha simama, yuko kwenye kizingiti cha nyumba, na sikumwona alivyofika. "Gwe, wewe! Usilitaje hilo jina uani kwangu! Kyala wangu, Mungu wangu! Nitakosa usingizi wiki nzima." Alipumua. "Kama huna budi kusema, sema mkungu."

"Mkungu wangu unaumwa, shangazi. Macho yake yamefungwa na gamba la zamani. Niliukausha, halafu nikauloweka. Mwezi wa sita afisa atakuja kuuchukua."

Alinitazama. Nilidhani atacheka, na ingekuwa haki yake.

"Siku ile ulisimama wapi?" aliuliza.

"Wapi?"

"Harusini."

"Juu ya benchi."

"Watu walicheka?"

"Walicheka."

"Atupele mwenyewe alicheka, na shela lake kichwani. Nilirudi nyumbani nikatoa nguo zangu zote, nikazinusa moja moja. Miaka kumi na minane nauza ndizi, na sikuwa nimewahi kunusa nguo zangu."

Nilikuwa na maneno mengi. Nayajua maneno ya kuomba radhi, yana vina vizuri.

"Usiniombe radhi," alisema, kana kwamba ameyasikia. "Wewe utaniomba kwa mizani. Njoo kesho na jembe."

*

Siku tatu nilimchimbia. Shimo jipya, kina cha kiuno, mahali alipochagua yeye: kwenye mteremko, maji ya mvua yasituame. Alinionyesha kutandika majani makavu unene wa mkono mzima, kwa sababu ndizi inayolalia maji hufa mgongo. Alinionyesha kupanga mikungu isigusane sana. Juu majani mabichi, juu yake magome ya mgomba yaliyonyunyiziwa maji, kisha udongo. Pembeni akapitisha mwanzi mmoja, wazi ndani na nje.

"Wa nini huo?"

"Wa kupumulia. Kitu kikizibwa kabisa kinanuka. Hata wewe ukizibwa mdomo ungeoza." Alicheka kidogo peke yake. "Labda ingefaa."

Siku ya kwanza baada ya kufukia aliingiza moshi wa kuivishia, kisha akauzuia. Siku ya pili alinifundisha jambo nililolijia. Alipenyeza mkono chini ya kifuniko, akachomoa jani moja kavu, akalibandika shavuni mwake. Akasubiri. Jani lilikaa kidogo, likaanguka lenyewe.

"Umeona? Liking'ang'ania shavuni, maji yamezidi, toboa. Likikwaruza, maji hayatoshi, nyunyiza. Likikaa baridi halafu likaanguka lenyewe, funika, nenda kafanye kazi nyingine. Watu wa hapa wote wanajua kuyakimbia maji. Mimi kazi yangu ni kuyaweka mahali pake."

Nililibandika jani lile shavuni kwangu. Liling'ang'ania.

"Hilo ni jasho lako," alisema shangazi. "Jifute kwanza."

Nikarudi nyumbani nikalivunja lile sanduku na kuanza upya. Chini nilitandika majani makavu. Upande wa ukuta wa jiko, mahali joto linapopita bila moshi, nililaza chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, kilichovunjika mdomo, ndani yake nikaweka magome ya mgomba na yale majani laini kama sufi yanayoota juu ya mawe ya mto. Hayo niliyanyunyizia. Upande wa pili palikuwa pakavu na baridi, pana bakuli la maji, ili Kimya achague mwenyewe. Juu nilifunika ubao, nusu yake wavu wa dirisha alionipa Zuber.

"Hii nyumba ni nzuri kuliko yangu," Zuber alisema. "Ningejua ningeingia mimi kwenye gunia la mchele."

Shangazi alikuja kukagua. Alijifunika kitenge hadi usoni, akasimama nje ya mlango wa jiko, mgongo kwetu, akanyoosha mkono nyuma.

"Leta jani."

Nilichomoa jani chunguni nikamwekea kiganjani. Alilishika kwa ncha za vidole.

"Amelipitia?"

"Nani, shangazi?"

"Mkungu wako, mjinga wewe!"

"Hapana," nikasema. Chatu alikuwa amelilalia usiku kucha.

Alilibandika shavuni. "Linang'ang'ania. Punguza." Kesho yake alikuja tena, mgongo kwetu, mkono nyuma. "Bado. Toboa tundu juu, upande wa baridi." Siku ya tatu alilibandika, akasubiri. Jani lilianguka miguuni pake. "Haya," alisema. "Sasa iweke mikono yako mbali."

Kuiweka mikono mbali ndiko kulikonishinda. Lakini malengelenge yalikauka, moja baada ya jingine. Mlio wa pumzi ukaisha. Mwisho wa mwezi wa tano alimkamata panya, baada ya kukosea mara mbili, na nilipiga ukelele hadi mama akaja mbio na mwiko.

*

Siku nne kabla ya Bwana Hosea kurudi, Kimya alianza kufifia. Rangi zake zilipauka kama kanga iliyofuliwa sana, tumbo likawa la waridi, na macho, yale macho niliyoyahangaikia, yakajaa maziwa. Yakawa meupe yote mawili, meupe kabisa.

Na hivyo ndivyo Bwana Hosea alivyomkuta, Jumanne asubuhi, mbele ya watu wale wale waliocheka mwezi wa nne. Aliinama juu ya sanduku. Alipoinuka alikuwa anafungua gunia alilokuja nalo.

"Pole, kijana."

Damu ilinipanda. Nilisimama mlangoni, miguu nimeipanua. "Utanivuka mimi kwanza."

"Nsajigwa," Zuber alininong'oneza, "huyo ni serikali."

"Hata kama ni serikali! Serikali ilifunga duka nikanyamaza. Hapa sinyamazi!"

"Bwana afisa." Sauti ilitoka uani. Shangazi Esnath alikuwa amesimama kwenye ua wa migomba, mgongo kwetu, beseni la ndizi kichwani. "Shikamoo."

"Marahaba, mama. Mbona umetupa mgongo?"

"Naogopa. Nina swali moja. Huo mkungu, rangi hiyo umeipata lini? Sikuulizi wewe bwana afisa, namuuliza huyo mwenye kelele."

"Ijumaa," nilisema.

"Macho yote mawili, au moja limetangulia?"

"Yote mawili, siku moja."

"Ugonjwa hauji sawasawa pande zote," alisema shangazi kwa migomba. "Ndizi inayooza huanzia upande mmoja. Inayoiva hugeuka yote. Mimi sijui nyoka. Nimesema tu."

Alilitamka neno lenyewe, na sidhani kama alijisikia. Bwana Hosea alilitazama lile gunia, akainama tena juu ya sanduku. Safari hii alichukua muda. Aliingiza mkono chunguni, akavinusa vidole. Aligusa majani makavu ya chini. Alimgeuza Kimya akatazama tumbo lisilo na lengelenge.

"Macho hufanya hivi siku chache kabla ya kujivua," alisema polepole. "Yanaweza kuwa hayo. Yanaweza pia kuwa gamba la pili." Akalikunja gunia. "Naenda Kinyala, narudi kwa njia ya Lufingo. Jumamosi mchana nitakuwa hapa."

Alhamisi maziwa yaliondoka machoni. Nilidhani nitaona macho meusi yanayong'aa, lakini ule utando uliokunjamana ulikuwapo pale pale. Ijumaa ulikuwapo. Nilimshika, nikaona ukingo mdogo wa gamba umenyanyuka pembeni ya jicho la kulia, mdogo kama ukucha wa mtoto. Ukucha wangu ulikuwa mrefu. Nilihitaji kuvuta tu.

Nilikwenda kwa shangazi mkono mmoja ukiwa mfukoni, kama mtu aliyeiba.

"Nikimsaidia kidogo? Limeshaanza kunyanyuka."

"Ndizi mbichi ukiimenya inatoka na nini?"

"Na nyama yake."

"Umejibu. Nenda nyumbani. Upepo umegeuka leo, huoni? Kipupwe kinaingia. Pima jani."

Ni kweli, mvua ilikuwa imekatika siku mbili, na upepo mkavu ulikuwa unashuka kutoka Mlima Rungwe, ule unaopasua midomo. Nilikuwa nimeushangilia, kwa sababu nguo zilikauka. Nilichomoa jani chunguni nikalibandika shavuni. Lilinikwaruza.

Nilinyunyizia magome. Nikasubiri, nikapima. Nikanyunyizia kidogo tena. Jani la tatu lilikaa baridi shavuni mwangu, nikahesabu kama ninavyohesabu mizani, na kwenye kumi na sita likaanguka. Nikafunika ubao, nikaenda kumchotea shangazi maji, madumu manne, ili mikono yangu iwe mbali na sanduku.

Jumamosi jua lilikuwa limepanda kidogo niliposikia sauti chunguni. Ilikuwa kama mtu anafungua daftari jipya. Kimya alikuwa anasugua mdomo kwenye ukingo uliovunjika wa chungu, upande mmoja, kisha upande wa pili. Gamba lilifunguka mdomoni. Likarudi nyuma juu ya pua, likafika machoni, na hapo mimi niliacha kupumua. Likapita. Akaanza kutembea, polepole, akitoka ndani yake mwenyewe, na gamba likabaki nyuma likijigeuza nje ndani, refu, jeupe, bila mpasuko hata mmoja, hadi kwenye ncha ya mkia, ambako ile pete kavu iling'oka nalo.

Nilimwita mama. Nilimwita Zuber. Nadhani niliwaita watu wote wa Ibighi.

*

Bwana Hosea alifika mchana, viatu vyekundu kwa udongo wa Lufingo. Nilimpa gamba. Alilinyoosha juu ya mwanga wa mlango, akatafuta kichwa, na pale palipokuwa na macho palikuwa na vioo viwili vidogo vya duara, kila kimoja kinene, gamba juu ya gamba. Kisha akamtazama Kimya. Alipitisha kidole mbele yake, kulia, kushoto. Kichwa kilikifuata kidole.

"Nimewahi kuona haya Kyela," alisema. "Hapa juu, sijawahi."

Alikaa kwenye kigoda, akatoa fomu, akaiweka juu ya goti. Aliandika jina langu, kijiji, aina ya mnyama. Akafika mahali akainua kalamu. "Nani mwenye ujuzi wa matunzo? Wewe?"

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Wengi wao walikuwa harusini mwaka ule. Niliwatambua kwa meno.

"Esnath," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Andika Esnath, shangazi yangu. Mwaka jana nilisimama juu ya benchi mbele ya hawa watu nikamcheka kwa kazi yake. Kazi hiyo ndiyo iliyomfungua huyu macho. Mimi nilijua kumkausha na kumlowesha tu."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikohoa.

"Msiniandike!" sauti ilitoka nje. Alikuwapo, mgongo kwetu, pale pale penye migomba. "Mimi sitaki jina langu kwenye karatasi ya mdudu huyo! Kanisani watasemaje?"

"Nimeshaandika, mama," alisema Bwana Hosea. "Kwa wino."

Kisha nikaona kitenge kinasogea. Shangazi alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, hatua kwa hatua, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, mwingine umeziba macho. Watu wakampisha. Akageuka. Alifungua vidole viwili tu, akachungulia katikati yake.

Chatu alikuwa ametoa kichwa chunguni. Ngozi yake mpya ilikuwa inang'aa kama mafuta juu ya maji, na macho yake meusi yalimtazama shangazi bila kupepesa.

"Kyala wangu," alisema shangazi. Alichungulia tena. "Tazama anavyonitazama. Ana kiburi kama wewe, gwe."

"Ndaga fijo, shangazi," nilimshukuru.

"Nyamaza." Alikuwa amefunga vidole tena, lakini hakuondoka. Alinyoosha ule mkono wa pili mbele yake, kiganja wazi. "Upepo bado mkavu. Leta jani."